Wanafunzi wanahukumu kabla ya kusoma: nitawafundishaje kuchambua maandishi ya kweli kuhusu maadili ya tiba?

Chaki na Kalamu anauliza:

Walimu wenzangu, nawasalimu kwa heshima.

Ninafundisha lugha kwa wanafunzi wa sekondari wenye umri wa miaka 16 na 17, na muhula huu tunashughulikia uchambuzi wa maandishi yasiyo ya kubuni. Nilichagua maadili ya tiba kwa kuwa nilijua mada itawashika, nayo imewashika kweli, pengine kupita nilivyotaka. Tumesoma habari za Henrietta Lacks, mama Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani ya shingo ya kizazi akiwa na umri wa miaka 31, ambaye seli zake zilichukuliwa hospitalini bila yeye kuambiwa, zikawa seli za kwanza za binadamu kuendelea kuzaana maabara bila kikomo. Tumesoma pia habari za utafiti wa kaswende wa Tuskegee, jimboni Alabama, ulioanza mwaka 1932 na kukomeshwa mwaka 1972, ambamo wanaume wenye ugonjwa huo walifuatiliwa bila kutibiwa. Dondoo zote nimezitafsiri au kuzifupisha mwenyewe ili zisiwachoshe.

Shida yangu ni insha wanazoniletea. Nina insha 38 mezani, na karibu zote zinasema jambo moja: madaktari wale walikuwa wakatili, walikosa utu, na mambo hayo yasirudiwe. Hakuna atakayelipinga hilo, nami silipingi. Ila insha ya namna hiyo mtu anaweza kuiandika bila kufungua hata ukurasa mmoja, kwa kusimuliwa tu kisa chenyewe njiani. Nilimwita kijana mmoja, tena msomaji mzuri, nikamuuliza ni wapi hasa katika aya ya tatu mwandishi alipomfanya akasirike. Alinitazama kama niliyemtegea mtego, kisha akajibu, "Mwalimu, nimekasirika kwa sababu ni vibaya."

Nikaona labda wanakosa istilahi, nikawapa zile kanuni nne zinazojulikana za maadili ya tiba, yaani uhuru wa mgonjwa kujiamulia, kutenda mema, kutodhuru na haki. Matokeo yake wamezigeuza vibandiko. Kila aya inatajiwa kanuni yake, "hapa kanuni ya pili imevunjwa," na safari inaishia hapo.

Naomba mnisaidie. Nifanye nini ili wasome namna jambo lilivyoandikwa, bila kuwazimia ile hasira ambayo, kwa kweli, ni ya haki? Na je, kanuni zile niziondoe kabisa au nimezileta mapema mno?

Msomaji wa Mistari anajibu:

Mwalimu Chaki, pole na kazi, na hongera kwa kuthubutu, maana wengi wetu tukiambiwa maandishi yasiyo ya kubuni tunakimbilia hotuba za viongozi na matangazo ya magazeti.

Nionavyo, wanafunzi wako wamelisoma tukio, na maandishi wameyapita juu juu kama mtu anayechungulia dirishani bila kuliona dirisha lenyewe. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwarudisha kwenye kitenzi. Lugha yetu ina bahati hapa, kwa sababu mnyambuliko mmoja unaweza kumleta mtendaji mbele ya macho au kumfuta asionekane kabisa. Andika ubaoni sentensi hizi nne kuhusu wanaume wa Tuskegee, bila maelezo yoyote:

Wanaume wale hawakupata penisilini.
Wanaume wale hawakupewa penisilini.
Wanaume wale walinyimwa penisilini.
Watafiti waliwanyima wanaume wale penisilini.

Kisha nyamaza. Waache wazozane ni ipi iliyo ya kweli zaidi. Watagundua wenyewe kwamba katika sentensi ya kwanza ni kama dawa iliisha kabla foleni haijawafikia. Katika ya pili yuko mtoaji fulani, lakini amejificha, na huenda alisahau tu. Ya tatu ndiyo nzito, kwa sababu huwezi kumnyima mtu kitu usicho nacho, wala huwezi kumnyima kwa bahati mbaya. Neno lenyewe limebeba uwezo na kusudi. Ya nne inamleta mtendaji mwanzoni mwa sentensi na kumsimamisha hapo.

Watakapokubaliana kwa haraka kwamba ya nne ndiyo bora, waulize, "Mwaka gani?" Hapo ndipo somo linapoanza. Penisilini ilikuja kuwa tiba inayokubalika ya kaswende katikati ya miaka ya 1940, na utafiti ulikuwa umeanza mwaka 1932. Kwa hiyo mwaka 1935 sentensi ya kwanza ni kweli tupu, maana penisilini haikuwapo kama dawa, na tiba za wakati huo zilikuwa za arseniki na zebaki, ndefu na zenye madhara yake. Mwaka 1950, sentensi ileile, neno kwa neno, inakuwa kificho. Mwanafunzi aliyeliona hilo hatasema tena kwamba lugha ni kitu cha kupamba habari.

Ukimaliza hapo, wape kichwa cha makala ya kwanza ya utafiti huo, iliyochapishwa mwaka 1936 na ambayo jina lake huanza kwa kuitaja kaswende isiyotibiwa. Isiyotibiwa na nani? Kichwa hakisemi. Ugonjwa umewekwa mbele kana kwamba wenyewe ndio uliokataa tiba. Nimewahi kutumia kipindi kizima kwenye neno hilo moja, na kengele ilipolia bado walikuwa wakibishana.

Jambo hilo pia litakusaidia kung'oa mawazo mawili ambayo nina hakika yamo katika insha zako 38. La kwanza ni kwamba utafiti ulifanywa kwa siri. Wanaume wale, 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo, walifichwa ukweli, naam, waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya." Lakini matokeo yalichapishwa katika majarida ya tiba kwa miongo kadhaa, na madaktari wakayasoma. Kwa hiyo swali la kumpa mwanafunzi ni hili: iliandikwaje, hata wasomaji wengi kiasi hicho wasishtuke? La pili ni lile la kwamba serikali iliwachoma wanaume hao sindano za kaswende. Sivyo, hao 399 walikuwa nayo tayari. Walioambukizwa kwa makusudi walikuwa watu wengine, huko Guatemala, katika utafiti wa Marekani wa miaka ya 1946 hadi 1948. Mwanafunzi akiliandika kosa hilo usimwambie tu kwamba amekosea, mwambie akuoneshe mstari. Hataupata, na kule kuukosa kutamfundisha zaidi ya maneno yako.

Mwisho, tafuta ile barua iliyowaita wanaume hao wakatolewe maji ya uti wa mgongo. Kipimo hicho kilikuwa cha uchunguzi tu, nacho kinauma, lakini barua inawaambia kwamba hiyo ni nafasi yao ya mwisho ya kupata matibabu maalumu ya bure. Ni fupi, haina neno hata moja la kikatili, na imeandikwa kwa adabu. Mwanafunzi aliyezoea kuutafuta ubaya katika maneno mabaya atakwama, na hapo ndipo unapomtaka. Swali la kumuuliza ni moja: katika barua hii, ni neno gani likiondolewa mtu hataenda?

Muuguzi Mstaafu anajibu:

Mimi si mwalimu wa lugha, mnisamehe nikiingilia. Nimefanya kazi wodini kwa miaka mingi, na nimesoma uzi huu kwa sababu mjukuu wangu anasoma mada hiyohiyo na ameniletea maswali nyumbani.

Naomba muwatazamishe watoto neno "ridhaa," kwa sababu wanalitumia kana kwamba ni kitu ambacho ama kipo ama hakipo, kama taa. Nikiri jambo langu. Nikiwa bado mgeni kazini, nilikuwa nampelekea mgonjwa ile karatasi ya ridhaa kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, naye tayari amevuliwa nguo zake, amelala kitandani chenye magurudumu, na ninampa kalamu niliyokwisha kuifungua kifuniko. "Weka sahihi hapa, mama." Aliweka. Nani angekataa akiwa katika hali ile? Kwenye jalada iliandikwa kwamba mgonjwa ameridhia, na hilo halikuwa uongo. Haikuwa kweli pia.

Sasa someni upya habari za Henrietta Lacks. Wengi husema hakuna karatasi yoyote aliyotia sahihi, lakini alitia. Alitoa ruhusa ya jumla ya kufanyiwa upasuaji ambao madaktari wangeona unahitajika. Karatasi hiyo haikusema lolote kuhusu kuchukua kipande cha nyama ya mwili kwa ajili ya utafiti. Kwa hiyo watoto wasiulize tu, "Je, aliridhia?" Waulize aliridhia nini, akiwa ameambiwa nini, na nani alikuwa ameshika kalamu. Karatasi ya namna hiyo nayo ni maandishi yasiyo ya kubuni. Ina mwandishi, ina msomaji, na ina mambo iliyoyaacha nje kwa makusudi au kwa mazoea.

Mkiwa na nafasi, wapeni ile kanuni ya kwanza ya Nuremberg ya mwaka 1947, iliyotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi. Kila mtu hunukuu mwanzo wake, kwamba ridhaa ya hiari ni ya lazima kabisa, kisha anafunga kitabu. Mwisho wake ndio uliobadilisha kazi yangu. Inasema kwamba wajibu wa kuhakikisha ridhaa hiyo ni ya kweli uko juu ya kila mtu anayeanzisha, anayeongoza au anayeshiriki jaribio, na kwamba mtu hawezi kumtwika mwenzake wajibu huo. Ni kila mtu. Msomaji mvivu hafiki huko.

Jambo la pili, na hapa natofautiana kidogo na mwalimu aliyeuliza. Visa hivi viwili msivisomeshe kama ndugu mapacha. Lacks alipewa tiba ya radiamu, yaani ya mionzi, ambayo kwa saratani yake ndiyo iliyokuwa tiba ya kawaida ya wakati huo. Ubaya uko katika yale yaliyofanyika kandoni mwa tiba, na katika familia yake kukaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 bila kujua kwamba seli za mama yao ziko hai katika maabara za dunia nzima. Wanaume wa Tuskegee walinyimwa tiba yenyewe. Mtoto akiandika kwamba "wote walitendewa vilevile," ameyasoma majina tu.

Tena kule Tuskegee kulikuwa na muuguzi, Eunice Rivers, mwanamke Mweusi, aliyekuwa na wanaume wale karibu muda wote wa ile miaka 40. Aliwasafirisha, aliwajua kwa majina, na familia zao zilimwamini. Kama muuguzi siwezi kumsoma haraka haraka. Mwambieni mwanafunzi aandike aya moja juu yake bila kutumia neno "mwema" wala neno "mbaya," na mtaona kalamu zikisimama.

Mama Darasa anajibu:

Naongeza dogo. Katika darasa la wanafunzi 38 wapo wenye mgonjwa nyumbani, na huenda wapo wagonjwa wenyewe. Ile kazi ya "eleza tukio lililokupata wewe au jamaa yako hospitalini" ambayo vitabu vingi vya kiada hupenda kuiweka mwishoni mwa mada hii, mimi niliiacha baada ya msichana mmoja kutoka darasani katikati ya kipindi asirudi siku ile. Maandishi yapo mezani, yatoshe. Anayetaka kuleta ya kwake atayaleta bila kulazimishwa.

Hoja Kinzani anajibu:

Nimefurahia majibu yaliyotangulia, hasa zile sentensi nne, ambazo nitaziiba kesho bila aibu. Hata hivyo nina wasiwasi mmoja. Nimeona madarasa ambamo uchambuzi umekuwa uwindaji wa kauli ya kutendwa. Mwanafunzi anapiga mstari chini ya kila "ilifanywa" na "zilichukuliwa," anaandika "mwandishi anaficha mtendaji," na kumbe mahali pengine mtendaji hajulikani tu, au hana umuhimu. Tutakuwa tumeondoa vibandiko vya kanuni nne na kuleta kibandiko kimoja cha sarufi. Kitenzi kiulizwe swali lilelile kila mara: kama kingeandikwa vingine, msomaji angeamini nini tofauti? Kama jibu ni "hakuna," tusonge mbele.

Kuhusu kanuni, ningemshauri mwalimu aliyeuliza asizitupe. Kosa, kwa maoni yangu, ni kuzileta kama kipimo kilichoshuka kutoka juu, wakati nazo ziliandikwa na watu, kwa hoja, katika mwaka unaojulikana. Baada ya habari za Tuskegee kutoka magazetini mwezi wa Julai 1972, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya utafiti mwaka 1974, tume ikaundwa, na mwaka 1979 ikatoa Ripoti ya Belmont. Ripoti hiyo ina kanuni tatu: kuheshimu watu, kutenda mema, na haki. Kutodhuru hakukupewa kiti chake. Kumo ndani ya kutenda mema. Mwaka uleule kilitoka kitabu cha wanafalsafa wawili wa Marekani, Tom Beauchamp na James Childress, chenye zile nne ambazo mwalimu amewapa wanafunzi wake. Basi waulizeni: kwa nini huku tatu na kule nne? Kutodhuru kukiwa kanuni ya peke yake, daktari anabanwa vipi zaidi kuliko kukiwa kifungu ndani ya nyingine? Hapo kanuni zenyewe zinakuwa matini ya kuchambuliwa, na haziwezi tena kubandikwa.

Kisha ningeongeza maandishi ya hoja, kwa sababu visa vya kusimuliwa peke yake vinamzoesha mwanafunzi kuhisi kuliko kupima. Ninayo mawili niliyoyatumia.

La kwanza ni makala ya daktari Henry Beecher, profesa wa nusukaputi wa Chuo Kikuu cha Harvard, iliyotoka mwaka 1966 katika jarida la tiba. Alikusanya mifano 22 ya tafiti zilizofanywa na watu wenye sifa njema katika taasisi zenye sifa njema, akaonesha namna wagonjwa walivyowekwa hatarini, mara nyingi bila kujua. Hakutaja jina la mtafiti hata mmoja, wala hakuonesha makala zenyewe zilitoka wapi. Darasa langu liligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema aliwalinda wenzake, na kwamba mwandishi anayejua jina na asilitaje ni mshirika. Upande wa pili ulisema kwamba angewataja, wasomaji wangewalaani watu 22 na kulala usingizi. Kwa kutowataja alimlazimisha kila daktari ajiulize kama ni yeye. Wote walilazimika kurudi kwenye makala kutafuta ushahidi, na mimi sikufanya kazi nyingine siku ile zaidi ya kushika chaki.

La pili ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya California ya mwaka 1990 katika kesi ya John Moore. Bwana huyu aliugua saratani ya damu, akatolewa wengu, na daktari wake akatumia seli zake kupata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, yenye thamani bila kumwambia. Mahakama ilisema kwamba hakuwa mmiliki wa seli hizo baada ya kutolewa mwilini, lakini daktari alikuwa na wajibu wa kumweleza mapema kwamba ana masilahi ya utafiti na ya fedha. Uzuri wa hukumu ni kwamba wapinzani wamo ndani ya waraka mmoja: maoni ya waliokuwa wengi, na ya hakimu Stanley Mosk aliyepinga. Hakuna anayempigia mwenzake kelele. Kila mmoja anaanza na ukweli uleule, na wanafika pande tofauti. Chukua kurasa chache tu kutoka kila upande, usiwape zote, maana lugha ya kisheria inachosha hata sisi. Kazi ya mwanafunzi ni kuonesha mahali ambapo njia zinaachana.

Na kwa habari ya Lacks, ikiwa dondoo zako zinatoka katika kitabu cha Rebecca Skloot cha mwaka 2010, kuna swali la neno moja ambalo wanafunzi wangu sasa wanalirusha hata wakisoma magazeti: "Amejuaje?" Mwandishi ameandika mazungumzo ya watu waliokufa zamani. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba hakubuni mhusika wala tukio, na kwamba maneno ya watu ameyapata katika nyaraka au kwa wale waliomsimulia. Basi mwanafunzi achague sentensi moja ya mazungumzo aijadili: inaelekea ilitoka wapi, nani aliikumbuka, na baada ya miaka mingapi? Tena Skloot mwenyewe ni mhusika ndani ya kitabu. Tunamwona akipiga simu na kusubiri kupokewa. Angeweza kujiondoa. Kwa nini amebaki?

Kuhusu kusahihisha, mimi huweka sharti moja tu katika mwongozo wangu: hukumu haipati alama mpaka iwe imetanguliwa na neno lililonukuliwa na maelezo ya kazi ya neno hilo. Hasira inaruhusiwa, tena namwambia mwanafunzi aiandike, lakini aifuatilie mpaka kwenye neno ililotokea.

Chaki na Kalamu anarudi:

Ndugu zangu, ahsanteni sana, na kwako Muuguzi Mstaafu, shikamoo, hukuingilia hata kidogo. Wiki imekatika kabla sijajibu kwa sababu nilitaka kwanza kujaribu.

Zile sentensi nne zilichukua vipindi viwili. Swali la "Mwaka gani?" liliwanyamazisha kwa muda, kisha yule kijana aliyeniambia "ni vibaya" ndiye aliyesimama na kusema kwamba basi tunahitaji sentensi ya tano, yenye neno "hata": wanaume wale hawakupewa penisilini hata ilipopatikana. Akaeleza kwamba sentensi zile nyingine hazina saa ndani yake, na hiyo inayo. Sikuwa na la kuongeza.

Aya ya Eunice Rivers niliitoa kama kazi ya nyumbani. Ni wanafunzi 9 tu walioweza kuikamilisha bila "mwema" na "mbaya," na watatu kati yao walikwepa kwa kuandika "mzuri." Hukumu ya Moore bado, nimetafsiri kurasa tatu na nimekwama katika istilahi, kwa hiyo Hoja Kinzani, ukiwa na tafsiri yako nitashukuru.

Ila lililonipata mwenyewe ni la dondoo. Niliwaambia watafute katika karatasi zangu mahali ambapo mwandishi amemficha mtendaji. Baada ya robo saa msichana mmoja alinyoosha mkono akauliza kama mtafsiri naye ni mwandishi. Nikasema ndiyo. Akaniomba nisome kwa sauti mstari wa nne wa dondoo ya Tuskegee. Nilikuwa nimeandika kwamba "wagonjwa walishiriki katika utafiti bila kupata matibabu." Ni maneno yangu, kwenye asili hakuna hata neno moja lenye maana ya kushiriki. Nililitumia kwa sababu lilikuja lenyewe.

Hawakuishia hapo. Mwingine akauliza kwa nini kichwa cha karatasi kinasema "Utafiti wa Tuskegee," wakati Tuskegee ni mahali walipoishi wanaume wale, na waliofanya utafiti ni Idara ya Afya ya Umma ya Marekani. "Mwalimu," alisema, "mbona jina limebebeshwa waliofanyiwa?" Nilimjibu kwamba ndivyo unavyoitwa kila mahali, nikalisikia jibu langu mwenyewe lilivyo dogo. Leo nimezichapisha upya karatasi zote 38, kwa kichwa kinachoitaja idara, na mstari wa nne nimeuacha wazi wauandike wao.

Msomaji wa Mistari anajibu:

Utuletee watakachokiandika.